Ushuru wa Malisho

Rasimu ilikuwa na kurasa kumi na nne, na kosa lenyewe lilikaa ukurasa wa tatu. Aliyeitafsiri simtaji, kwa sababu na mimi nimewahi kufanya mabaya zaidi. Alikuwa amekutana na maneno mawili ya Kiingereza yanayotaja bei ambayo shirika la umeme humlipa mzalishaji mdogo, yule mwenye mtambo wake kwenye maporomoko ya mto, paneli zake juu ya bati, au boila linalochoma makapi ya miwa. Neno la kwanza linahusu kulisha. La pili, kamusi nyingi hulipeleka forodhani. Akachukua alichopewa na kamusi, akaandika: "ushuru wa malisho".

Nilicheka peke yangu. Jioni nikamsomea jirani yangu, mzee aliyefuga ng'ombe Usangu miaka mingi kabla ya kuja kuishi kwa mwanawe mjini. Hakucheka. Akaniuliza, "Wanatoza kwa kichwa, au kwa kundi zima?"

Nikajua kazi ya kuhariri itakuwa ndefu.

Tuanze na ushuru, maana hilo halina ubishi: si ushuru. Ushuru unakuacha ukiwa na pungufu, na hapa mtu analipwa. "Tozo" nayo haifai, na tangu tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 hapa Tanzania, neno hilo ukilitamka watu hushika mifuko. Lakini lile neno la pili la Kiingereza lina asili ambayo mtafsiri angeijua angetabasamu. Waingereza walilipata kupitia Italia, na Waitalia walilitoa kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kujua na kujulisha, mzizi uleule uliotupa sisi arifu, maarifa, maarufu na taarifa. Kwa hiyo neno lao na "taarifa" yetu ni ndugu. Huko Bahari ya Kati mmoja aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara, akawa orodha ya viwango iliyotangazwa. Huku Bahari ya Hindi mwingine akabaki na habari tupu.

Nimelitaja hili kwa sababu lina uzito katika biashara ya umeme. Mzalishaji mdogo asiye na bei iliyotangazwa inambidi aende kupatana, na anayepatana naye ni mnunuzi mmoja tu, mwenye nguzo zote, nyaya zote na mawakili wote. Sokoni ukishindwa na muuzaji wa kwanza unasogea kwa wa pili. Huyu atasogea kwa nani? Umeme hauwekwi kwenye kapu ukingoja gulio la Jumatano. Ndiyo maana Tanzania ilipoanza kuwapangia utaratibu wazalishaji wasiozidi megawati 10, kuelekea mwaka 2009, jambo la kwanza lilikuwa kuandika mkataba mmoja kwa wote na kutangaza bei moja kwa wote, chini ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Mkataba huo naupenda kuuita mkataba sanifu. Kama Kiswahili sanifu, hakuna anayeuzungumza nyumbani kwake, lakini kila mtu anaweza kuusoma bila kuomba ruhusa.

Bei ya mwaka 2009 kwa umeme ulioingia Gridi ya Taifa ilikuwa shilingi 85.49 kwa uniti. Kwa maeneo yaliyokuwa nje ya gridi, ambako TANESCO, shirika la umeme la taifa, iliwasha majenereta ya dizeli, ilikuwa shilingi 334.83. Uniti ni ileile, mnunuzi ni yuleyule, mwaka ni mmoja, na bei moja inakaribia mara nne ya nyingine. Mtu wa sokoni ataona hapo pana wizi. Ili aone kwamba hapana, lazima umfundishe istilahi ambayo rasimu yangu iliita "gharama iliyoepukwa", na hapa ndipo nilipokaa siku tatu.

Istilahi hii ni ya Marekani. Mwaka 1978, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoyalazimisha makampuni ya umeme kununua kutoka kwa wazalishaji wadogo. Swali likawa: kwa bei gani? Kanuni za mwaka 1980 zikajibu kwa sentensi ambayo kwa Kiingereza inajikunja sana, ila kwa Kiswahili inakaa yenyewe, kwa sababu sisi tuna kiambishi chake tayari. Kama shirika lisingalinunua umeme huu, lingaliufua lenyewe au lingalinunua kwingine. Hicho ambacho lingalitumia, ndicho limlipe mdogo.

Tazama kazi ya -ngali-. Waalimu wetu walitufundisha kwamba hiyo ni ya mambo yasiyotokea na ambayo hayawezi tena kutokea: ningalijua, ningalikuja. Ni njeo ya majuto, na waimbaji wa mapenzi wameitumia mpaka imechakaa. Sijui njeo nyingine iliyo mbali zaidi na risiti. Na bado ndiyo iliyozaa zile shilingi 85.49, hadi senti. Kila mwezi mhasibu anamlipa mtu kwa sababu ya mafuta ambayo hayakuchomwa na mtambo ambao haukujengwa.

Nilipomweleza mzee wa Usangu, alifikiri, akasema, "Basi mimi nadai. Kuna ng'ombe wengi sana ambao simba hakuwala."

Utani wake una jino. Wanaobishana juu ya bei hizi, tangu Marekani ya miaka ya 1980 mpaka leo, wanabishana hasa kuhusu simba yupi angekula ng'ombe yupi. Na Kiswahili, kwa minyambuliko yake, hakikuruhusu ukwepe ubishi huo. Kiingereza kina umbo moja tu la "kuepuka" katika istilahi hii. Mimi nilikuwa na matatu mezani.

La kwanza ni "iliyoepukwa". Hapa aliyeepuka ni shirika. Lenyewe limekwepa gharama, lenyewe ni mjanja, na mzalishaji mdogo hayumo katika sentensi. Ukisikiliza hotuba za watu wa mashirika makubwa ya umeme, popote duniani, hivi ndivyo wanavyosema.

La pili ni "inayoepukika". Hii ni lugha ya wapangaji na wachumi. Haimtaji mtu, inataja uwezekano. Gharama ipi inaweza kuepukika? Dizeli ya leo inaepukika, hilo halina shaka, mtambo wa maji ukifungua valvu jenereta linapunguza pumzi. Lakini je, kituo kipya ambacho shirika lilipanga kukijenga miaka sita ijayo kinaepukika kwa sababu ya mitambo midogo kumi ambayo mingine hukauka Oktoba? Paneli za jua zinaepusha nini saa mbili usiku, Watanzania wanapowasha taa, pasi na televisheni kwa pamoja? Bei ya Tanzania iliyatazama yote mawili, gharama ya leo ya mtambo wa mwisho kuwashwa na gharama ya muda mrefu ya kuongeza mitambo mipya. Ukichukua ya leo tu, mdogo analipwa mafuta na haambulii chochote cha jengo. Ukichukua ya muda mrefu, shirika litalia kwamba linalipia ahadi. Hapo hesabu inaisha na maelewano yanaanza, na sioni aibu katika hilo.

La tatu ni "iliyoepushwa". Kuepusha ni kumfanyia mwingine. Mungu atuepushe na balaa, tunasema, na hakuna anayedhani kwamba balaa lilijiepuka. Gharama iliyoepushwa ina mtenda nyuma yake hata kama hajatajwa: kuna mtu amesimama kati ya shirika na lile balaa. Na lilikuwa balaa kweli, maana "gharama" tuliyoichukua kwa Waarabu, kwao ni faini. Sisi tumelipoza neno hilo likawa matumizi ya kawaida. Katika istilahi hii linarudisha makali yake kidogo.

Niliandika "iliyoepushwa" kwa penseli, nikaacha nione kama litakaa.

Kuna mahali napenda kulijaribia. Masista Wabenedikti wa Mtakatifu Agnes, wa Chipole mkoani Ruvuma, wana mtambo wa Tulila juu ya Mto Ruvuma, wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015. Wakati huo Songea haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Mji uliishi kwa majenereta, na dizeli ilipanda kwa malori kutoka pwani, mamia ya kilomita, barabara ya milima. Kila uniti ya masista ilikuwa na dizeli ambayo haikupakiwa. Hapo "kuepusha" lina yambwa ya kushikika, ina harufu, ina tairi. Kisha mwaka 2018 njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika Songea, na majenereta yakazimwa. Mto ni uleule, mtambo ni uleule, masista hawajabadili hata skrubu, ila kinachoepushwa si kilekile tena. Mikataba yao ina vifungu vyake na mimi si mhasibu wao, nazungumzia sarufi. Ni kitenzi ambacho yambwa yake iko mikononi mwa mtu mwingine.

Na sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 katika mitambo tisa, kwenye Mto Rufiji. Mto mmoja ukibeba mzigo wa namna hiyo, mdogo anaepusha nini? Kwa istilahi hii, thamani yake inapungua kila mkubwa anapojaliwa. Haki za kimahesabu zipo. Haki za kiungwana sina hakika. Mkataba sanifu wa awali ulikuwa umeliona hilo, ukaweka sakafu: bei haitashuka chini ya ile ya mwaka mlipotia saini. Ukaweka na dari. Sakafu na dari! Ni istilahi chache za uchumi zilizoingia Kiswahili zikakuta nyumba tayari imejengwa.

Kabla sijaondoka kwenye bei hizo za mwanzo, kuna kitu kidogo ambacho aliyekibuni namvulia kofia. Bei ya gridi haikuwa moja mwaka mzima. Miezi ya ukame, Agosti hadi Novemba, ililipwa asilimia 120 ya bei ya msingi. Miezi mingine minane, Disemba hadi Julai, asilimia 90. Piga hesabu: minne mara 120 na minane mara 90, ukigawa kwa kumi na mbili unapata mia kamili. Hakuna senti iliyopotea njiani. Kiangazi mabwawa makubwa hushuka, shirika huwasha mitambo ya mafuta na gesi, na kwa hiyo kinachoepushwa ni kikubwa. Ubaya ni kwamba kiangazi hicho hicho kijito cha mdogo nacho kimepungua. Anapandishiwa bei siku ambayo hana cha kuuza, kama mvuvi anayepigiwa simu na hoteli wakati wa kusi. Anayenufaika ni mwenye magome ya miwati kule Njombe au makapi ya miwa Moshi, ambaye kuni zake hazingoji mvua.

Nimetumia "kuufua umeme" bila kueleza, na natumaini msomaji hakujikwaa. Ni msemo wetu wa Tanzania, mitambo ya kufua umeme, na nauweka mbele ya "kuzalisha" kila ninapopata nafasi. Kuzalisha ni kazi ya mkunga. Kufua ni kazi ya mhunzi, ya dobi, na ya mtu aliyesimama mbele ya kifuo anayevua nazi maganda. Zote tatu ni kupiga kitu kigumu mpaka kitoe kilichofichwa ndani. Maji yakipiga mabawa ya tabo, sioni kitenzi kingine kinachostahili. Majirani zetu Wakenya wanasema stima, na mvuke ule wa meli umebaki kwenye nyaya za Nairobi hata pale umeme unapotoka kwenye upepo. Uganda ndiyo iliyopitiliza: kampuni ya usambazaji iliitwa Umeme, kuanzia 2005 mpaka mkataba wake ulipoisha Machi 2025, hivyo mtu aliweza kudaiwa na radi.

Turudi kwenye malisho. Kulisha huko hakukuanza na Waingereza, kulianza na Wajerumani, waliotunga sheria yao ya kwanza ya mambo haya mwaka 1990. Neno lao la kuingiza umeme gridini limejengwa juu ya Speise, chakula. Na Speise, ukiifuata hadi Kilatini cha watu wa kawaida, inatoka kwenye matumizi ya fedha. Kwa hiyo ndani ya neno la kulisha tayari kulikuwa na gharama. Swali ni gharama ya nani. Sheria ya 1990 ilifuata bei ya mteja: mwenye upepo au jua alipwe angalau asilimia 90 ya wastani wa kile wanacholipa wateja. Mji wa Aachen, miaka michache baadaye, ukageuza meza. Wakasema tumlipe mwenye paneli kile kilichomgharimu yeye, pamoja na faida kidogo. Mwaka 2000 sheria ya nchi nzima ikafuata njia hiyo, pfenigi 99 kwa uniti ya jua, kwa miaka 20. Pfenigi 99 zilikuwa nyingi mno na kila mtu alijua. Hazikuwa bei ya umeme, zilikuwa karo ya kuwasomesha watengeneza paneli.

Hivi ndivyo bei mbili zinazoonekana pacha zinavyotazamana kwa kisogo. Gharama iliyoepushwa inamuuliza mnunuzi: umeokoa nini? Ya Aachen inamuuliza muuzaji: umetumia nini? Kenya iliingia kwa mlango wa pili mwaka 2008, bei kwa kila chanzo. Tanzania iliingia kwa wa kwanza, kisha mwaka 2015 ikahamia wa pili kwa maji na tungamotaka, kila mtambo mdogo zaidi ukipewa bei kubwa zaidi, huku jua na upepo vikipelekwa kwenye ushindani. Wanaouita ushindani huo "mnada" wanatukosesha raha sisi wengine, kwa kuwa mnadani bei hupanda, na hapa hushuka mpaka abaki mmoja. Zabuni, basi. Uganda ilikuja na mpango wa wafadhili wa kumwongezea mzalishaji juu ya bei yake katika miaka mitano ya mwanzo. Hiyo ni nyongeza, neno la sokoni kabisa, isipokuwa sokoni nyongeza hutoka kwa muuzaji.

Na kwa Kiswahili tuseme kulisha? Wenzetu wa TANESCO tayari wanalisha. Katika matangazo yao "fida" imepata hitilafu, na laini "inayolisha" maeneo yafuatayo imezimwa kwa matengenezo. Ila kulisha kwao hushuka, kutoka kituo kikubwa kwenda mtaani. Mzalishaji mdogo anapandisha, kama mtoto anayempa mama yake tonge. Picha nzuri, lakini gridi si mama na haina njaa ya kudumu. Saa nyingine imeshiba na inakufungia mdomo. Mafundi wenyewe, ukiwasikiliza bila wao kujua kwamba unasikiliza, husema "kuingiza". Megawati kadhaa zimeingizwa gridini. Nikaandika: "bei ya kuingiza umeme gridini". Haina manukato, lakini mfugaji hatatafuta ng'ombe wake humo.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na "mita ya wavu". Hili sikulicheka, nilisikitika, kwa maana kosa ni la Kiingereza kuwa na neno moja kwa chombo cha mvuvi na kwa kinachobaki baada ya makato. Ni mita inayohesabu unachochukua gridini na unachorudisha, mwisho wa mwezi ikakatana. Kenya imeiwekea kanuni mwaka 2024, na humo ukitoa uniti nzima unaandikiwa nusu. Wanaolalamika wanasema huo ni unyang'anyi. Wanaotetea wanasema nguzo na nyaya zina mwenyewe, na uniti ya mchana wa jua kali si sawa na ya saa mbili usiku. Mimi nasema tu kwamba kwa masharti hayo hatuwezi kuiita mita ya kubadilishana. Ukimpa mtu debe la mahindi akakurudishia nusu debe, hamjabadilishana. Umehifadhi kwake, naye amejilipa kwa kuhifadhi.

Nikapendekeza "mita ya kukatana", na pembeni, kwa ajili ya kujifurahisha, nikaandika kitu ambacho najua hakuna ofisi itakayokipokea. Tanzania nzima inajua LUKU: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Tia w moja tu, na ubadili kitenzi cha mwisho: Lipwa Umeme Kadiri Utoavyo. Herufi nne zilezile. Hakuna haja hata ya kupaka upya vibao.

Rasimu ilirudi baada ya wiki moja. Malisho yalikuwa yamefutwa, wavu umefutwa, LUKU yangu imepigwa mstari kwa heshima. "Iliyoepushwa" ilikuwa imezungushiwa duara jekundu, na pembeni mtu ameandika kwa haraka: Imeepushwa na nani? Sentensi haijakamilika.

Nikaikamilisha. Niliongeza maneno matatu, "na mzalishaji mdogo", nikairudisha.